Nguo za Kihindi zisizo na mikono kwa siku za joto: namna ya kuchagua, kushonesha na kuvaa

Nilimsindikiza mama Chennai, kusini mwa India, kwa matibabu mwezi wa Mei. Watamil wana jina lao kwa majuma yale, Agni Nakshatram, yanayoanza kama tarehe 4 na kwisha kama tarehe 28, na hata mtu aliyelelewa na joto la Dar es Salaam akifika kule anatafuta pa kujishikiza. Nilikuwa nimefungasha kurta mbili, yale mashati marefu ya Kihindi, zisizo na mikono, nilizozinunua nyumbani, nikiamini nimejiandaa. Siku ya pili, nikiwa kwenye foleni ya dawa, mgongo ulikuwa umelowa na makwapa yanawaka kama yamepakwa pilipili. Mbele yangu walisimama kina mama wa pale na sari zao za pamba, blauzi zenye mikono mpaka kwenye kiwiko, wakavu, wanazungumza mambo yao. Mimi niliyeacha mikono nje ndiye niliyekuwa nachemka.

Jioni nikaenda T. Nagar, mtaa ambao Chennai nzima hununulia nguo. Kijana wa dukani alishika upindo wa kurta yangu kwa vidole viwili, akausugua kidogo, akasema: "Akka, hii ni plastiki." Akka ni dada mkubwa kwa Kitamil. Kisha akanitolea kurta nyingine, nayo haina mikono, ya pamba nyepesi ya buluu. Niliivaa kesho yake, foleni ile ile, saa ile ile, na nikaelewa jambo ambalo nimeliandikia mwongozo huu: kukosa mikono peke yake hakupozi mwili. Kinachopoza ni kitambaa, halafu mkato wa kwapa, halafu mtandio wa kujikinga jua ukiwa nje. Mikono ni ya mwisho kufikiriwa.

Kwanza, lijue joto unaloliendea

Joto la Delhi au Jaipur mwezi wa Mei ni kavu. Zebaki hupita nyuzi 40, na unavuma upepo wanaouita luu, wa kuchoma uso. Jasho hukauka kabla hujaliona. Huko adui ni jua lenyewe, na ngozi iliyo wazi hulipokea moja kwa moja. Ndiyo sababu wanawake wa vijijini Rajasthan hujifunika kichwa na mabega kwa odhani, mtandio mpana, mchana kutwa, wala si kwa heshima tu.

Joto la Chennai, Mumbai na Kochi ni la unyevu, sawa na la kwetu Mombasa, Unguja na Tanga wakati wa kaskazi. Hewa imekwisha kushiba maji, kwa hiyo jasho halina pa kwenda. Linabaki mwilini, linateremka. Mwili hapo unataka upepo upite chini ya nguo. Hili ndilo joto la nguo isiyo na mikono: kivulini, ndani ya nyumba, ofisini, jioni, ukumbini.

Basi kabla hujanunua jiulize utakuwa wapi saa sita mchana. Kama ni juani, nunua isiyo na mikono pamoja na kitu cha kufunika mabega, au nunua yenye mikono mipana ya melimeli. Mwenye ualbino, na yeyote ambaye daktari amemwambia ajikinge na jua, asiache mabega wazi mchana hata kwa dakika za kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Nguo hizi kwake ni za ndani na za usiku, na zinapendeza vilevile.

Pili, kitambaa

Hapa nitakaa kwa muda, maana makosa mengi huanzia hapa.

Neno letu la zamani melimeli ni lile lile mulmul la Wahindi: pamba laini mno, nyembamba, iliyokuwa ikishuka kwenye bandari zetu pamoja na bafta na kaniki kabla ya merikani kuja kuzisukuma pembeni. Bibi zetu waliijua. Sisi tumeisahau kwa sababu madukani imejaa jojeti ya poliesta inayong'aa na isiyotaka pasi. Ukiweza kupata melimeli, anza nayo. Ni nyepesi kiasi kwamba unaivaa na kusahau kama umevaa, na kila ukiifua inazidi kulainika. Ubaya wake ni kuonyesha mwili, na hilo tutalishughulikia kwenye bitana.

Baada ya melimeli ziko nyingine zinazofaa. Kota doria, inayofumwa Kaithun karibu na mji wa Kota huko Rajasthan, ina vijiraba vidogo kama wavu, wao huviita khat, na hewa hupita humo bila kuomba ruhusa. Haigandi mwilini, kwa hiyo ni nzuri kwa dupata, yaani mtandio wa Kihindi, na kwa koti jepesi la juu. Chanderi ya Madhya Pradesh ni pamba na hariri pamoja. Ina mng'ao mtulivu wa kwendea harusini, na kwa harusi za mchana sijapata mbadala wake. Chikankari ya Lucknow ni kazi ya sindano, uzi mweupe juu ya pamba nyeupe au ya rangi ya maji. Ndani yake kuna mshono wa jali, ambao fundi huzisogeza nyuzi za kitambaa bila kuzikata mpaka vitokee vitundu. Ukipata kurta yenye jali ya kweli kifuani na mgongoni, umepata madirisha. Kwa kuvaa kila siku, pamba iliyopigwa chapa kwa mkono ya Sanganer na Bagru, karibu na Jaipur, inavumilia kufuliwa mara kwa mara na bei yake si ya kutisha.

Kuna rayoni, ambayo kurti nyingi za bei nafuu hushonwa nayo siku hizi. Siikatai. Inateremka vizuri mwilini na inanyonya jasho. Lakini ikilowa inakuwa nzito na inavutika, na wakati wa kufuliwa mara ya kwanza hurudi, hasa urefu. Nunua ndefu kidogo kuliko unavyotaka.

Jojeti, shifoni, krepu na satini: uliza kama ni za hariri au za poliesta. Jojeti ya hariri inapumua. Ya poliesta ndiyo ile ya foleni yangu. Muuzaji akisema "ni jojeti" hajakuambia chochote bado, kwa sababu hilo ni jina la ufumaji, si la uzi.

Kipime mwenyewe. Kiweke kitambaa mdomoni upulize; kama hewa inapita upande wa pili ukaisikia kwenye kiganja, vizuri. Dondoshea tone la maji: pamba hulinywa, ingawa pamba mpya yenye wanga mwingi huchelewa kidogo, na poliesta mara nyingi huliacha limekaa juu kama kwenye jani la mgomba. Ukishakinunua, nyumbani, chomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo uzichome juu ya sinki. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, ikaganda kidonge kigumu. Kipimo hiki huwezi kukifanyia dukani, lakini kitakufundisha duka lipi la kurudia na lipi la kupita mbali.

Rangi: nyeupe, samli, buluu ya nili, kijani cha mwembe mchanga, waridi iliyofifia. Ukitaka kuepuka alama za jasho chini ya kwapa, chagua nyeupe kabisa, au rangi iliyokoza sana, au chapa yenye maua madogomadogo. Rangi za katikati zisizo na maua, kijivu na buluu ya mbingu hasa, huanika kila tone. Hariri tupu nayo huacha duara la jasho ambalo hata likikauka linabaki.

Tatu, aina ya nguo

Kurta au kurti ndiyo ya kuanzia. Chagua iliyonyooka, yenye mipasuo pembeni inayoanzia kwenye nyonga, kwa kuwa mipasuo ile ndiyo mlango wa chini wa hewa na kwapa ni mlango wa juu. Chini yake vaa palazo, suruali pana, ya pamba au salwar. Salwar na suruali yetu ni neno moja, yote mawili yametoka kwa Waajemi. Churidari, ile ya kubana na kukunjana kwenye kifundo cha mguu, iache mpaka baridi ije, leginsi pia. Nimewaona dada wengi wamevaa kurta nyepesi nzuri juu ya leginsi nene, nusu ya mwili inapumua na nusu imefungwa.

Anarkali ina kiuno juu na sketi pana. Isiyo na mikono inapendeza mno, lakini hesabu mapande: anarkali ya mapande mengi yenye bitana chini yake ni kilo za kitambaa. Ya melimeli ya tabaka moja inabebeka.

Lehenga na choli, sketi pana na blauzi fupi, ni ya sherehe. Uzito wake uko kwenye sketi na nakshi, kwa hiyo choli isiyo na mikono ni nafuu ya kweli. Kwetu pwani iko sababu nyingine. Shughuli za wanawake peke yao, Mombasa na Unguja, mtu hufika na baibui juu na lehenga ndani, na njia yote mwili uko ndani ya nguo mbili. Kuondoa mikono kwenye ile ya ndani ni jambo la akili.

Sari ndiyo malkia. Mita tano na nusu za pamba nyembamba, na bado ni baridi kuliko gauni la kubana, kwa kuwa haikushonwa, haikufungwa zipu, inakaa mbali na mwili karibu kila mahali. Wapo watakaokuambia blauzi isiyo na mikono si ya asili. Asili yenyewe ni kwamba Bengal na Kerala wanawake wengi walivaa sari au mundu, kitambaa cha kujifunga kiunoni, bila blauzi yoyote, na blauzi ya kushonwa ilienea Bengal kuanzia miaka ya 1860 na 1870, Jnanadanandini Devi wa ukoo wa akina Tagore akiwa mmoja wa waliotangulia. Kwa hiyo vaa kwa amani.

Wanaume wao wana bandi, au sadri, koti lisilo na mikono juu ya kurta. Ni ndugu wa kizibao chetu cha juu ya kanzu. Kwa joto chukua ya kitani au khadi, pamba ya kusokotwa na kufumwa kwa mkono, isiyo na bitana, na uiache vifungo wazi. Watoto wachanga India huvalishwa jhabla ya melimeli, ya kufunga kwa kamba, na sijaona vazi la mtoto linalofaa kaskazi kuliko hilo.

Nne, kwapa

Nguo yenye mikono inasamehe. Mkono wa nguo unaficha bega lililokatwa vibaya, unaficha sidiria, unaficha kifua kilichotuna pembeni. Ukiondoa mkono, kila kosa la fundi liko nje. Ndiyo maana haifai kabisa kuchukua nguo yenye mikono ukaitoa tu na kupinda. Kwapa la nguo yenye mikono hukatwa chini zaidi, ili mkono upate nafasi ya kusogea. Ukitoa mkono linabaki shimo. Nina lehenga niliyoharibiwa hivyo na fundi mmoja siku mbili kabla ya send-off ya binamu yangu, na usiku kucha nilicheza nikiwa nimebana viwiko mbavuni.

Mwambie fundi hivi, kabla hajashika mkasi: "Fundi, hii haina mikono tangu mwanzo. Bega lipunguze nusu inchi kila upande, na kwapa lipandishe nusu inchi." Fundi mzoefu atakuelewa, na atarekebisha kulingana na mwili wako. Bega linatakiwa liishie pale mfupa wa bega unapoanza kuviringika, si juu ya mkono. Likizidi, linasimama kama kibawa na kukufanya mpana. Likipungua sana, kamba ya sidiria inachungulia.

Kwenye majaribio fanya mambo manne. Ingiza vidole viwili bapa chini ya kwapa: viingie bila kusukuma, wala visiogelee. Nyanyua mikono kama unafunga pazia. Nguo ikipanda yote mpaka tumboni, mkato haujakaa sawa. Jitazame kwa ubavu kwenye kioo. Kama sidiria inaonekana, au kuna uwazi kati ya nguo na kifua kama mdomo wa mfuko, fundi achukue pindo dogo kutoka ukingo wa kwapa kuelekea kifuani. Mwisho inama kama unaokota kitu. Shingo na kwapa ni majirani, mmoja akilegea mwenzake huvutika.

Wenye vifua vikubwa, msikubali kuambiwa mitindo hii si yenu. Ombeni mshono unaoshuka kutoka kwapani, kupita juu ya kifua mpaka kiunoni, kila upande. Huo unaukalisha mwili vizuri kuliko pindo moja la ubavuni. Na kuhusu mikono minene, nasema nilichokiona kwa macho yangu Chennai na Ahmedabad: wanawake wa kila unene wamevaa bila mikono, na waliopendeza walikuwa wale ambao kwapa lao limekaa. Bega pana la vidole vinne vitano linamfaa karibu kila mtu. Bega jembamba kama kamba linamfaa mwenye mabega yaliyonyooka.

Ukingo wa kwapa umaliziwe kwa utepe wa pamba laini uliokatwa mshazari, upande wa ndani. Ukatae ukingo wa zari au vimetameta mahali hapo, hata kama ndio uzuri wa nguo yenyewe. Zari ni uzi wa madini, na ngozi ya kwapa yenye jasho inasuguliwa nao kila unapopunga mkono. Kama nakshi imekwishafika mpaka ukingoni, mwambie fundi aweke ukanda wa pamba kati yake na ngozi, upana wa vidole viwili.

Jambo moja la dukani ambalo wageni hawalijui: kurta na anarkali nyingi za India zinazouzwa zimeshonwa huja bila mikono, na mikono imekunjwa na kubanwa ndani kwa ndani ili mnunuzi aamue mwenyewe. Geuza nguo utazame kabla hujalalamika au kushangilia. Ukiamua kubaki bila mikono, vile vipande usivitupe, ndivyo kiraka chako cha miaka ijayo. Sari nazo nyingi zina kipande cha blauzi mwishoni, kama sentimita 80, kinachokatwa kabla ya kuvaa. Ukinunua kitambaa cha panjabi kisichoshonwa, kawaida utapata kama mita mbili na nusu za kurta na kama hizo za suruali, pamoja na dupata. Kwa kuwa hushoni mikono, utabakiwa na cha kutosha kwa huo utepe wa kwapa. Kiloweke maji usiku kucha, kikauke, kipigwe pasi, ndipo kiende kwa fundi. Pamba ambayo haijarudi kabla ya kushonwa itarudi ukiwa umeshamlipa fundi.

Mwombe pia aache akiba ya inchi moja ndani ya mishono ya ubavuni. Mafundi wa blauzi India huiacha bila kuambiwa.

Tano, cha ndani

Bitana ya poliesta chini ya pamba nzuri ni hasara tupu. Blauzi na choli zitiwe bitana ya pamba nyembamba, tena kwenye mwili tu. Kurta ya melimeli au chikankari isitiwe bitana kabisa. Vaa shimizi ya pamba chini yake, unaweza kuibadilisha mchana na nguo ya juu ikabaki safi. Rangi ya shimizi iwe ya ngozi yako. Nyeupe chini ya nyeupe huonekana.

Gagulo la sari liwe la pamba, na kamba yake iwe bapa, pana, isikazwe mpaka ichore kiuno. Kwa siku ndefu ya joto kamba nyembamba huchubua.

Dawa ya kuzuia jasho ipakwe usiku, kwenye ngozi kavu, kwani hapo ndipo inafanya kazi vizuri. Asubuhi ukipaka tena, subiri ikauke kabisa ndipo uvae. Manukato usiyapulizie zari, huifanya iwe nyeusi. Mabega yanayokwenda juani yapakwe mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, na yarudiwe kila baada ya saa mbili.

Sita, dupata

Dupata ni nusu ya vazi hili. Ukiwa nje inakuwa mkono, kofia na kivuli. Ukiingia ndani unaishusha begani, na mwili unapata upepo. Kwa hiyo usinunue ya neti nzito yenye shanga. Nunua ya Kota au melimeli, yenye urefu wa mita mbili na robo au zaidi, na upana wa kutosha kufunika mabega yote mawili na mgongo wa juu. Sisi wa pwani tuna mazoezi tayari. Mwanamke anayejua kushika mtandio wa kanga hahitaji kufundishwa.

Namna tatu zinatosha. Juani: itupe kichwani, ncha moja ipite kifuani mpaka bega la pili, mikono yote iko ndani. Kazini au safarini: ikunje mikunjo minne mitano, ibane bega moja kwa pini ndogo kwa ndani, iachie ishuke mbele na nyuma, ili mkono mmoja uwe huru. Jioni: ipitishe mgongoni, ikae kwenye mikunjo ya viwiko, mabega wazi. Pini ipite kwanza kwenye kijikaratasi au kifungo kidogo kabla ya melimeli, vinginevyo itapasua.

Pallu, ile ncha ya sari inayotupwa begani, nayo vivyo hivyo. Ukiwa na blauzi isiyo na mikono na umebana pallu kwa mikunjo myembamba, bega moja liko wazi kabisa; ukiiachia iteremke bila mikunjo, inafunika mkono mpaka kifundoni. Ndani ya siku moja unaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kubadilisha nguo.

Saba, mapambo na viatu

Mikono ikiwa wazi inaomba kitu, na kitu kimoja kinatosha. Bangili nyingi kwenye mkono mmoja, au bajubandi juu ya kiwiko, si vyote. Bajubandi ya chuma kwenye joto la unyevu huacha alama, chagua ya kamba. Shingoni acha wazi kama hereni ni kubwa. Jhumka, zile za umbo la kengele, zinajaza nafasi yote ya shingo na bega. Nywele zipande juu. Wanawake wa Chennai huchomeka kamba ya asumini kwenye msuko au fundo, ikauzwa barabarani kwa urefu wa mkono, na mwenye kuzoea kikuba atajua mara moja harufu ile inafanya nini jioni yenye joto. Miguuni, kolhapuri za ngozi, ndugu wa makubadhi. Vaa kidogo kidogo nyumbani kwanza, ngozi ilainike.

Unakoenda

Harusi ya Kihindu: mwachie bibi harusi nyekundu, na kwa familia za kaskazini mwa India epuka nyeupe tupu na nyeusi tupu. Kerala ni tofauti, kasavu nyeupe yenye ukingo wa dhahabu ndiyo vazi la furaha. Siku ya haldi watu huvaa njano, na nguo uivae ukijua itapakwa manjano isiyotoka, kwa hiyo peleka kurta ya pamba ya kawaida. Siku ya mehndi, kijani. Hapo kutokuwa na mikono kunasaidia kwelikweli, kwa sababu hina mbichi inapanda mpaka kwenye kiwiko na mkono wa nguo ungeivuruga.

Mahekalu, misikiti na gurdwara, nyumba za ibada za Masikh, ni mahali pa kufunika mabega, na gurdwara na misikiti ni pamoja na kichwa. Hekalu la Padmanabhaswamy huko Thiruvananthapuram lina masharti yake ya mavazi, wanawake kwa sari au mundu na mfano wa hayo; kurta na palazo pekee zinaweza kukurudisha mlangoni. Dupata isikose kwenye mkoba. Hospitalini na kwenye ofisi za serikali vaa bega pana na shingo ya juu, hakuna atakayekutazama mara mbili.

Kufua na kutunza

Jasho lisilale kwenye nguo. Ukivua, suuza makwapa tu kwa maji baridi hata kama utaifua kesho. Nguo za nili, bandhani (za kufunga na kutia rangi) na ajrakh (za chapa ya mkono) zifuliwe peke yake mara tatu za mwanzo, zitatoa rangi. Anika kivulini, ndani nje. Chikankari ipigwe pasi upande wa nyuma ikiwa na unyevu, nakshi ikielekea chini juu ya taulo, isije ikalala. Sari ya pamba ukiitia wanga, kwa pwani tia kidogo kuliko wanavyotia bara, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye wanga mwingi nguo inanata.

Zenye zari zifungwe ndani ya kanga kuukuu, kanga iliyochakaa mpaka imelainika, mbali na nafutalini. Kila baada ya miezi michache zifungue, zipepee kivulini, uzikunje upya kwa mistari mingine, kwa kuwa zari hukatika pale pale ilipokunjwa mara nyingi.